Rejeta ya hita inavuja

*Toyota yangu ya zamani inanuka utamutamu ndani, kioo cha mbele kinajaa ukungu na zulia upande wa abiria limelowa. Makanika anataka kung'oa dashibodi nzima. Kweli ni lazima? (Msomaji, Goma)*

Ndugu msomaji, makanika hajakudanganya. Rejeta ndogo ya hita hukaa nyuma ya dashibodi. Ikitoboka, maji ya kupoza injini (kulanti) humwagikia ndani. Ila hakikisha kwanza. Maji ya kiyoyozi nayo huweza kulowesha zulia, ila hayana rangi wala harufu. Kulanti huteleza vidoleni. Ina sumu, watoto wasiiguse.

Pesa ikiwa haijatimia, makanika aunganishe ile mipira miwili ya hita upande wa injini ili maji yaendelee kuzunguka. Asiizibe tu. Utakosa joto, na hilo Goma linavumilika; taabu ni ukungu wa kioo siku za mvua.

Dawa za kuziba matundu siziamini, huweza kuziba hata rejeta kubwa. Ukijazia kilichovuja, kumbuka Goma iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, maji matupu huchemka karibu nyuzi 95: jaza kulanti, si maji ya ziwa. Mshale wa joto ukipanda, simama, umwite makanika. Usifungue kifuniko injini ikiwa moto.