Barafu katika Sayari ya Utaridi

Ukipita asubuhi katika milima ya Umatengo utaona mashamba ya ngolo, yaani mashimo ya mraba yaliyochimbwa mtelemkoni ili mvua isichukue udongo. Simama kando ya shimo moja jua linapochomoza. Matuta yameangazwa, lakini ndani ya shimo mna kivuli na umande. Jua likipanda, kivuli hupungua. Adhuhuri mwanga hufika chini na umande hukauka. Ikiwa uko Kingerikiti na hapana ngolo karibu nawe, chimba shimo lako nyuma ya darasa.

Je, ingekuwaje kama jua lisingepanda kamwe kupita ukingo wa shimo?

Hali hiyo ipo katika Utaridi, ambayo pia huitwa Zebaki, sayari ya mwamba iliyo karibu na jua kuliko zote. Mchana uso wake hupata joto la sentigredi 430, linalotosha kuyeyusha risasi. Nani angetafuta barafu huko? Hata hivyo, mwaka 1991 wataalamu wa Marekani waliielekezea Utaridi mawimbi ya rada, nayo yakarudi kwa nguvu kutoka ncha ya kaskazini, kama yarudivyo yakigonga barafu. Wengine walishuku, wakasema huenda ni salfa. Chombo kiitwacho MESSENGER kiliizunguka sayari hiyo tangu 2011 hadi 2015. Vipimo vyake vilivyotangazwa mwaka 2012 vilionyesha haidrojeni nyingi mahali pale pale, na haidrojeni ni sehemu ya maji. Ilikuwa barafu ya maji.

Mhimili wa dunia umeinama nyuzi 23½. Ndiyo maana Kingerikiti jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini mwezi Juni, na upande wa kusini mwezi Desemba. Mhimili wa Utaridi haukuinama, ila kidogo mno. Kwa hiyo, kwenye ncha zake jua huzunguka chini, kwenye upeo wa macho, mwaka mzima. Huko kuna kasoko, yaani mashimo makubwa yaliyochimbwa na mawe yaliyoanguka kutoka angani. Baadhi yake hayafikiwi na jua hata kidogo.

Hapa kwetu hata chini ya mwembe twahisi joto, kwa kuwa upepo hulileta. Utaridi haina hewa ya kutosha kufanya hivyo. Ndani ya kasoko hizo baridi huzidi sentigredi 170 chini ya sufuri.

Maswali

1. Pima kivuli ndani ya shimo lako saa 2 asubuhi, saa 4 na saa 6. Kimebadilikaje?

2. Kama mhimili wa Utaridi ungeinama kama wa dunia, barafu ile ingekuwaje? Eleza sababu.