Msamiati wa Divai: Kutoka Kwa Mgema Hadi Kwenye Shamba la Mizabibu

Imezoeleka miongoni mwa wanafunzi wa tafsiri kudai kwamba Kiswahili hakina istilahi za utengenezaji wa divai. Dai hilo halina mashiko. Kinachokosekana ni mazoea ya kuzitafuta istilahi hizo kwa mafundi wa kazi iliyo jirani, yaani wagema wa pwani.

Majina yenyewe kwanza. Neno mvinyo limetokana na Kireno, vinho, na divai limetokana na Kifaransa, du vin. Lugha imekopa kinywaji kimoja mara mbili, ila matumizi hayalingani. Divai, pengine kwa kuwa ndilo linalosikika sana kanisani, limebaki kuwa kileo cha zabibu. Mvinyo limetanuka likahusishwa na pombe kali kwa jumla, na kamusi kadhaa zimeikubali maana hiyo. Mfasiri asiyetaka utata heri ashike divai. Kwa upande wa ngeli, mvinyo umechacha, lakini divai imechacha.

Sasa tembo. Mgema huukwea mnazi kwa vidato, yaani pengo zilizochongwa shinani kwa ajili ya kukanyagia. (Mwanafunzi wa kidato cha nne naye ni mkwezi.) Kwa kotama, kisu chake kilichopinda, hukata ncha ya karara ambalo halijapasuka, utomvu ukadondoka kibuyuni. Huurudia mti asubuhi na jioni. Utomvu mbichi ni tembo tamu. Chachu huanza kuila sukari papo hapo, na baada ya saa chache limekuwa tembo kali; likiachwa zaidi huwa siki. Katika methali ya mgema aliyesifiwa, kiambishi -li- cha "hulitia" chathibitisha kwamba tembo hili ni la ngeli ya LI-YA. Yule mwenye mkonga ni wa A-WA.

Huko Dodoma, Tanzania, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, mchakato wa kuchacha ni uleule. Zabibu hupondwa na kukamuliwa. Chombo cha kukamulia, Biblia ya Kiswahili hukiita shinikizo. Maganda na kokwa zilizokamuliwa yafaa yaitwe machicha, kama ya nazi. Kinachotuama chini ya pipa ni mashapo. Rangi ya divai nyekundu hutoka katika maganda, kwani maji ya zabibu huachwa yachache pamoja nayo. Kwa divai nyeupe maganda huondolewa mapema. Maganda hayohayo huleta ladha inayokaza ulimi, ambayo wafasiri huizungukia kwa sentensi nzima ilhali mtoto yeyote aliyetafuna ndizi mbichi anaijua: ukakasi.

Istilahi moja ingali tata. Divai ambayo chachu imemaliza sukari yake huitwa na baadhi ya wafasiri "divai kavu". Hiyo ni tafsiri sisisi, na msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuuliza kitu cha majimaji kinakuwaje kikavu. Mgema angeiita kali, maana kwake kali ni kinyume cha tamu. Lakini "kali" limekwisha kutwaliwa na pombe za mvuke kama chang'aa, na divai haifikii nguvu hizo. Kwa sasa "divai isiyo tamu" yatosha, japo ni kirai na si neno.