Matangazo Yanayochomoza Kwenye Simu: Yanatoka Wapi, na Jinsi ya Kuyazima Kabla Yakugharimu

Tuseme ni siku ya matokeo ya mtihani wa kitaifa. Uko na bando la mwisho mwisho, na kwenye grupu ya familia mtu ametuma linki ya mahali ambapo matokeo, ati, yanapatikana haraka. Unafungua. Kabla ukurasa umalize kufunguka, skrini imejaa: umeshinda simu mpya, simu yako ina virusi 13, bonyeza hapa kuthibitisha wewe si roboti. Unatafuta alama ya X ufunge. Unaibonyeza, na badala ya kufunga inakupeleka kwenye ukurasa wa kamari. Unajaza namba yako ya simu mahali fulani ili tu hayo mambo yaishe. Dakika tano baadaye bando limekatika, matokeo hujaona, na kuna ombi la malipo kwenye skrini ambalo hukulianzisha.

Hapo ndipo mtu hutupigia na swali moja: "Pesa zangu zimeenda?"

Kama hukuweka PIN, pesa zilizo kwenye akaunti yako bado ziko. Tangazo peke yake haliwezi kuzichota. Ili likuumize, lazima kwanza wewe ulipe kitu: ruhusa, namba ya simu, nafasi ya kuweka programu kwenye simu yako, au PIN. Ukijua ni kitu gani linakuomba, unajua pia ni wapi pa kulizima. Hilo ndilo somo la leo.

Haya matangazo ni nini hasa?

Kwa Kiswahili sanifu yanaitwa matangazo ibukizi: yale yanayochomoza ghafla juu ya kile ulichokuwa ukisoma. Yalianza Marekani miaka ya 1990. Ethan Zuckerman, aliyekuwa akifanya kazi katika tovuti ya Tripod, ndiye aliyeandika mojawapo ya programu za kwanza za kufungua tangazo kwenye dirisha lake. Sababu ilikuwa kwamba kampuni moja ya magari ililalamika tangazo lake limeonekana kwenye ukurasa wa mambo ya watu wazima, kwa hivyo wakaona heri tangazo likae kando. Mwaka wa 2014 Zuckerman aliandika makala katika jarida la The Atlantic akiomba msamaha kwa kazi hiyo.

Si kila kinachochomoza ni kibaya. Tovuti ikikuuliza kama unakubali ihifadhi taarifa zako, mara nyingi inafuata sheria; hapa Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019. Duka la mtandaoni likikuuliza kama unataka kupata ofa zao, ni biashara tu. Shida inaanza tangazo linapokudanganya au linapokataa kufungika.

Hatua ya kwanza: funga bila kuligusa

Ile X unayoiona kwenye tangazo bovu mara nyingi ni sehemu ya picha. Ukiigusa, umelibonyeza tangazo lenyewe. Vivyo hivyo na "Hapana, asante" na "Ghairi". Vyote vinaweza kukupeleka mahali pamoja.

Kwa hivyo usibishane na tangazo. Funga ukurasa mzima:

1. Kwenye Chrome, bonyeza kile kisanduku chenye namba kilicho karibu na vitone vitatu. Utaona kurasa zote zilizofunguliwa.
2. Ondoa ule ukurasa wenye fujo, na zingine zozote ambazo hukuzifungua mwenyewe.
3. Kama skrini imekwama kabisa, rudi kwenye skrini ya mwanzo ya simu, fungua orodha ya programu zinazotumika, kisha uisukume Chrome nje.

Ukipoteza ukurasa uliokuwa ukisoma, si hoja. Utaupata tena. Na kama ni matokeo, andika mwenyewe anwani ya taasisi husika badala ya kupitia linki uliyotumiwa.

Hatua ya pili: jua linatoka wapi

Wateja wengi hutuambia wameshafuta historia ya kivinjari, wamezima simu na kuiwasha, na bado matangazo yanakuja. Sababu ni kwamba yanaingia kwa milango mitatu tofauti, na kila mlango una kufuli yake. Jiulize swali moja: tangazo linatokea wakati gani?

*Linatokea tu ukiwa ndani ya tovuti fulani.* Basi ni la tovuti hiyo. Ukiondoka, limekwisha. Chrome huzuia madirisha ibukizi bila wewe kuiambia, lakini kuna matangazo yaliyojengwa ndani ya ukurasa wenyewe, na hayo hupita. Hakikisha kizuizi chako hakijafunguliwa: vitone vitatu, mipangilio, mipangilio ya tovuti, kisha madirisha ibukizi na kuelekezwa kwingine. Kwa Kiingereza utaona "Pop-ups and redirects". Iwe imezimwa. Kwa iPhone, kizuizi kiko kwenye mipangilio ya Safari.

*Linakuja juu ya skrini kama meseji, hata ukiwa umefunga kivinjari.* Hiyo ni arifa, na kuna siku uliiruhusu. Kumbuka ile "bonyeza Allow kuthibitisha wewe si roboti". Huo ni uongo mtupu. Jaribio halisi la roboti hukuambia uchague picha au uweke alama kwenye kisanduku. Halihitaji ruhusa ya kukutumia arifa. Ulipobonyeza "Allow", uliipa tovuti hiyo ruhusa ya kukutumia matangazo saa yoyote, mchana na usiku.

Kuitoa ruhusa ni rahisi. Nenda vitone vitatu, mipangilio, mipangilio ya tovuti, kisha arifa. Utaona orodha ya tovuti zilizoruhusiwa. Kama jina hulijui, lizuie. Njia nyingine ni kusubiri arifa ije, kisha uishikilie kwa kidole bila kuifungua. Simu itakupa nafasi ya kuizima papo hapo. Tunakushauri uangalie orodha hiyo leo hata kama huna shida. Unaweza kukuta tovuti ambazo hukumbuki kamwe kuziruhusu.

*Linaruka ukiwa kwenye WhatsApp, kwenye kamera, au hata ukifungua simu tu.* Hapa shida iko kwenye programu uliyoiweka. Mara nyingi ni zile za tochi, za kusafisha simu, za kubadilisha sura ya skrini, au ile "dawa ya virusi" uliyoambiwa uiweke na tangazo lingine. Elewa kwamba ukurasa wa tovuti hauna uwezo wa kupekua simu yako na kuhesabu virusi. Ile namba 13 mtu aliiandika tu, na kila anayefungua anaiona hiyo hiyo.

Kuikamata, fanya hivi:

- Tangazo likitokea, fungua orodha ya programu zinazotumika. Jina au picha ya programu iliyolileta inaweza kuwa hapo.
- Angalia programu ulizoweka karibuni, hasa siku shida ilipoanza. Futa ile usiyoitumia.
- Kwenye mipangilio ya simu, tafuta ruhusa ya kuonekana juu ya programu zingine. Programu ya tochi haina sababu ya kuwa na ruhusa hiyo.
- Fungua Play Store, bonyeza picha ya akaunti yako, uingie Play Protect, na uiache ikague simu.
- Bado? Washa simu kwa hali salama. Kwenye simu nyingi za Android unashikilia kitufe cha kuzima, kisha unashikilia neno la kuzima kwenye skrini mpaka simu ikuulize. Katika hali hiyo programu ulizopakua hazifanyi kazi. Matangazo yakinyamaza, umejua mhalifu ni mojawapo ya hizo. Zifute moja baada ya nyingine.

Hatua ya tatu: linda pale pesa zinapopita

Mpaka hapa tumeongea kuhusu usumbufu na bando. Sasa tuje kwenye mfuko.

*Namba ya simu.* Ukiandika namba yako kwenye ukurasa wa "umeshinda", mambo mawili yanaweza kufuata. La kwanza ni huduma za meseji za kulipia, zile za vichekesho, nyota, au dondoo za mpira. Unatumiwa msimbo, unaambiwa uuandike kwenye ukurasa upate zawadi, na kumbe kuuandika ndiko kujiunga. Hizi hazigusi akaunti yako ya pesa. Zinakula kredo kidogo kidogo kila siku, kwa hivyo mtu anaweza kukaa miezi akidhani bando zimepanda bei. Kama kredo inapotea bila kupiga simu, pigia mtandao wako, uulize umejiungishwa na huduma zipi, na uagize zote ziondolewe. Mtandao usipokusaidia, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya hupokea malalamishi ya wateja.

*Ombi la malipo.* Jambo la pili ni lile ombi linalotokea kwenye simu likikuuliza PIN. Mtu mwenye namba yako anaweza kujaribu kukutumia ombi, akitegemea kwamba una haraka na utaweka PIN bila kusoma. Soma mistari miwili tu: jina la anayelipwa na kiasi. Kama hukuwa ukimlipa mtu huyo sasa hivi, ghairi. Ukighairi, hakuna kinachokatwa. Hata ombi likirudi mara tatu, ghairi mara tatu.

*PIN.* Ombi letu la malipo huja kwenye simu yenyewe. Hatuweki kisanduku cha PIN ndani ya ukurasa wa tovuti au tangazo, na hatuiombi kwa simu wala kwa meseji. Ukiona ukurasa wenye rangi na nembo kama zetu ukikuomba PIN ili "upokee zawadi", hao si sisi. Tena fikiria: unapopokea pesa kutoka kwa ndugu au mteja, huwa unaweka PIN? Huweki. Anayeweka PIN ni anayetoa. Anayekuomba PIN ili akupe anataka kuchukua.

Hili ni muhimu zaidi kwa wenye biashara. Kama simu unayopokelea malipo dukani ndiyo hiyo hiyo watoto wanachezea gemu jioni, siku moja tangazo litaruka katikati ya malipo na utabonyeza kitu ambacho hukukusudia. Ukiweza, tenga simu ya kazi, hata iwe ya kawaida. Ukikosa, weka kifunga-programu kwa PIN tofauti na ile ya malipo.

Na kama tayari umebonyeza?

Usione haya, na usingoje kesho. Fuata mpangilio huu:

1. Kama uliandika PIN mahali popote isipokuwa kwenye ombi halisi, ibadilishe sasa hivi. Usitumie mwaka wa kuzaliwa.
2. Angalia salio na malipo yako ya mwisho. Ukiona usiloelewa, tupigie mara moja. Pesa ambazo bado hazijatolewa upande wa pili ni rahisi zaidi kuzuia.
3. Futa programu yoyote uliyoiweka kwa sababu ya tangazo, na uzuie arifa za tovuti hiyo.
4. Piga picha ya skrini: ukurasa, namba, meseji. Usifute ushahidi kwa hasira.
5. Kama pesa zimeenda, ripoti kituo cha polisi upate namba ya OB. Tutaihitaji katika ufuatiliaji.

Kupunguza fujo siku zijazo

Vivinjari kama Opera na Brave vina kizuia-matangazo ndani yake. Firefox ya Android inakubali viongezi vya kuzuia matangazo, wakati Chrome ya simu haina nafasi hiyo. Kwa mtu wa bando ndogo, tofauti utaiona, kwa sababu video ya tangazo hula data kama video nyingine yoyote. Lakini kumbuka kuna magazeti na wanablogu wa hapa nyumbani wanaoishi kwa matangazo ya heshima. Tovuti unayoiamini unaweza kuiruhusu.

Pia weka programu kutoka Play Store pekee. Ukurasa ukikwambia upakue faili na ukubali vyanzo visivyojulikana, funga.

Kwa ufupi

Usiguse tangazo, funga ukurasa. Jiulize linatokea wakati gani, utajua mlango wake. Usibonyeze "Allow" kwa roboti. Soma jina na kiasi kabla ya PIN, kila mara.

Tuna ombi moja la mwisho. Wikendi hii chukua simu ya mama, shosho au mzee wa nyumbani, fungua orodha ya arifa kwenye Chrome, na mzuie pamoja zile msizozijua. Ni kazi ya dakika tano. Mwonyeshe unavyofanya, ndiyo mara nyingine ajifanyie mwenyewe.