Kwa kocha mpole, nyumbani mkali

SWALI: Mwanangu ana miaka 15. Tangu baba yake atuache, nyumbani ananuna, nikimuuliza jambo anafoka. Kijiweni anachekesha wenzake, na juzi alikutwa nao akivuta sigara. Ajabu ni kwamba kocha wake wa mpira anamsifu kwa adabu. Yupi ndiye mwanangu?
Mama, Tanga

JIBU: Wote watatu ni yeye, mama. Kijiweni anatafuta kukubalika. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani, Margo Gardner na Laurence Steinberg, waliwachezesha watu mchezo wa gari kwenye kompyuta. Vijana wa miaka 13 hadi 16 walijihatarisha zaidi mbele ya wenzao kuliko wakiwa peke yao; watu wazima hawakubadilika hivyo. Kocha naye anampa kazi, kanuni na sifa, wala hamkumbushi yaliyotokea nyumbani. Kwako anamwaga uchungu kwa sababu anaamini hutamwacha.

Hiyo si ruhusa ya kukukosea heshima. Weka mipaka michache na uisimamie. Zungumza naye mkifanya kazi pamoja, si kwa kumhoji ana kwa ana. Sigara ikemee, lakini usimtukanie rafiki zake. Kocha mwombe awe msikilizaji wake, asiwe mpelelezi wako.

Akikosa hamu ya kula au usingizi kwa wiki mbili, au akijitenga hata na wenzake, mpeleke hospitali. Akitaja kufa, usingoje hata siku moja. Ushauri wa simu ya mtoto, 116, ni bure.