Maumivu ya Shingo Yatokanayo na Kuchakaa kwa Viungo

Mwalimu amalizapo kusahihisha madaftari ya kidato kizima huinua kichwa na kusikia shingo ikikwaruza kana kwamba ndani yake mna mchanga. Asubuhi haigeuki, usiku maumivu hushuka begani, pengine hata vidoleni. Jirani mmoja atasema ni baridi yabisi, mwingine atalaumu mto. Mara nyingi, hasa kwa aliyepita miaka 50, chanzo ni kuchakaa kwa viungo vya shingo, ugonjwa uitwao osteoathraitisi.

Shingo ya mwanadamu ina pingili 7, idadi ileile aliyo nayo twiga. Kati ya pingili na pingili, isipokuwa kati ya ya kwanza na ya pili, mna kisahani cha gegedu kinachopokea uzito. Nyuma ya visahani mna viungo vidogo, kulia na kushoto, ambavyo nyuso zake zimefunikwa kwa gegedu laini. Kadiri miaka ipitavyo, kisahani hupoteza maji na kuwa chembamba. Viungo vile vidogo huelemewa, gegedu lililovifunika hulika, na mfupa huota vichomozo pembeni. Kichomozo kikibana mshipa wa fahamu, maumivu na ganzi huteremka mkononi. Pingili ya 5, ya 6 na ya 7 ndizo ziathirikazo zaidi.

Kwa nini kuinama huzidisha maumivu? Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5 hivi. Mwanafunzi na ashike mfuko wa mchele wa kilo 5 karibu na kifua, kisha anyooshe mikono mbele. Uzito ni uleule, lakini umbali kutoka kwenye egemeo umeongezeka, na misuli huchoka upesi. Ndivyo ifanyavyo kazi misuli ya nyuma ya shingo tuinamiapo daftari. Mizigo ya kichwani nayo ina sehemu yake: uchunguzi uliochapishwa mwaka 2002 juu ya wachukuzi wa kuni wa Kongo ulionyesha kuwa pingili za shingo zao zilikuwa zimechakaa kuliko za watu wasiobeba mizigo hiyo.

Hata hivyo, mgonjwa asihukumiwe kwa picha ya eksirei peke yake. Wapo wazee wengi ambao picha zao zaonyesha uchakavu mkubwa nao hawaumwi hata kidogo. Na wapo waumwao sana ambao picha zao si mbaya. Aliyeambiwa kwamba shingo yake “imekwisha” huogopa kuigeuza, misuli ikalegea, na maumivu yakazidi. Kola ya shingo nayo, ikivaliwa kwa majuma mengi, huleta udhaifu uleule.

Tiba huanza na mambo mepesi: kitambaa cha maji ya moto, mazoezi ya kugeuza na kuimarisha shingo yaliyofundishwa na mtaalamu wa tiba ya viungo, na kupumzika kidogo kila baada ya nusu saa ya kuandika. Mazoezi hayaleti nafuu kwa siku mbili; yahitaji majuma kadhaa, na hapo ndipo wengi huyaacha. Parasetamoli yaweza kusaidia, lakini mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Diklofenaki na aibuprofeni zina nguvu zaidi, nazo zaweza kutoboa tumbo na kudhuru figo. Kuzinunua dukani mwezi baada ya mwezi bila kupimwa ni hatari kuliko ugonjwa wenyewe. Maumivu ya mkono yasiyotulia daktari aweza kuyatibu kwa dawa nyingine au kwa sindano.

Zipo dalili zisizongojewa. Chaki ikianza kumponyoka mwalimu, vifungo vya shati vikamshinda, miguu ikawa mizito au mkojo ukamtoka bila hiari, huenda uti wa fahamu wenyewe umebanwa. Homa na kukonda pamoja na maumivu ya shingo huweza kuwa kifua kikuu cha mifupa. Mgonjwa wa namna hiyo apelekwe hospitali upesi.

Uti wa fahamu ukiwa umebanwa, daktari wa upasuaji aweza kuondoa kinachoubana. Nchini Tanzania upasuaji wa uti wa mgongo hufanyika katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam. Lengo lake kubwa ni kuzuia udhaifu usiendelee. Nguvu iliyokwisha kupotea mikononi si lazima irudi yote, na aliyechelewa kwa miaka hupata nafuu ndogo kuliko aliyefika mapema.