Simba Aliyeambiwa Uongo

SOMO LA FAMILIA
Soma kwanza: Marko 2:1–12, Luka 15:11–24, Yohana 9:1–3



Wakati wa likizo watoto wetu wengi, wa milimani Mbinga na wa mwambao wa ziwa, hutazama filamu za katuni. Wazazi wengine huuliza kama inafaa kuwaacha. Mimi nasema: tukae nao, tutazame pamoja, kisha tuwaulize maswali, kama wazee wetu walivyofanya baada ya hadithi za jioni. Leo nimechagua filamu ambayo wengi wameiona, iitwayo The Lion King, maana yake Mfalme Simba. Nimeichagua kwa sababu katikati yake yumo mtoto aliyeambiwa uongo mbele ya maiti ya baba yake. Jambo hilo si la katuni tu. Limo katika nyumba zetu.

1. Hadithi yenyewe

Filamu hii ilitengenezwa Marekani na kampuni ya Walt Disney, ikatolewa mwaka 1994. Waongozaji wake ni Roger Allers na Rob Minkoff. Baadhi ya watengenezaji walisafiri hadi Kenya, wakatazama magenge na nyika za Hell's Gate karibu na Naivasha. Kwa hiyo nchi inayoonekana mle si ngeni kwetu, wala majina mengi si mageni: Simba, Rafiki, Pumbaa, na Sarabi, yaani mazigazi. Mwaka 2019 ilitengenezwa upya, lakini hapa nafuata ile ya kwanza.

Kwa ufupi ni hivi. Mfalme Mufasa na mkewe Sarabi wanapata mtoto, Simba. Baba mdogo wake Simba, aitwaye Scar, anautaka ufalme. Anampeleka mtoto bondeni, anamwambia asubiri, kisha fisi wanalikurupusha kundi la nyumbu literemke kwa kishindo mle bondeni. Mufasa anamwokoa mwanawe, naye anajaribu kupanda genge. Scar, aliye juu, anamtupa chini afe. Simba hakuona tendo hilo. Anamkuta baba yake amelala, anamsukuma aamke, kisha anajipenyeza chini ya mkono wake. Ndipo Scar anapokuja na kumtia mtoto moyoni kwamba yeye ndiye aliyemwua baba yake, na kwamba hana budi kukimbia asirudi kamwe.

Simba anakimbia. Karibu afe jangwani. Anaokolewa na Timon, mnyama mdogo wa jamii ya nguchiro, pamoja na Pumbaa, ambaye ni ngiri. Anakua mbali na nyumbani. Baadaye Nala, rafiki yake wa utotoni, anamkuta na kumwambia nchi yao imekuwa kame na watu wake wana njaa. Simba anakataa kurudi. Nyani mzee Rafiki anamwongoza hata anaisikia sauti ya baba yake. Anarudi, ukweli unajulikana, Scar anaangamia, na mvua inanyesha.

2. Jinsi hadithi ilivyojengwa

Wamatengo wanaolima ngolo wataelewa upesi. Mkulima hulaza majani yaliyofyekwa kwa mistari inayokatana, kisha huyafunika kwa udongo unaochimbwa katikati. Mgeni akipita huona matuta na mashimo, majani hayaoni. Lakini majani yaliyofukiwa huoza, hulisha mazao, na mashimo hushika maji ya mvua. Hadithi nzuri hufanyika vivyo hivyo. Mtungaji hufukia mambo mapema, nayo hutoa mavuno mwishoni.

Tazama yaliyofukiwa katika filamu hii:

(a) Mwanzoni Rafiki anamwinua mtoto Simba juu ya jabali mbele ya wanyama wote. Mwishoni anamwinua mtoto wa Simba mahali palepale.

(b) Nala na Simba wakiwa wadogo wanapigana mieleka, na Nala humwangusha chali. Wakiwa wakubwa wanapigana bila kujuana. Nala anamwangusha vilevile, na hapo ndipo Simba anapomtambua.

(c) Mufasa ananing'inia gengeni, na Scar anaikamata miguu yake kwa kucha. Miaka baadaye Simba naye ananing'inia, na Scar anamkamata vilevile.

(d) Amri ya kukimbia asirudi, ambayo Scar alimpa mtoto, Simba anamrudishia Scar mwenyewe.

Mtoto mdogo hawezi kueleza mambo haya, lakini moyo wake huyaona. Ndiyo sababu huridhika na mwisho. Hakuna kilichookotwa njiani. Kila kitu kilipandwa.

3. Safari ya moyo

Matukio ni upande mmoja wa hadithi. Upande wa pili ni moyo wa mtazamaji. Mwalimu aweza kuuchora ubaoni kwa mstari unaopanda na kushuka, kama barabara itokayo Mbinga mjini kwenda Mbamba Bay. Barabara ile haianguki ziwani mara moja. Huzunguka milima, huteremka, hupanda kidogo, mpaka maji yanapoonekana.

Hapa mstari huanza juu, kwa furaha ya kuzaliwa. Hushuka kidogo kwa hofu, Simba anapokaidi na kwenda kwenye makaburi ya tembo. Hupanda tena baba anapomsamehe na kumwonyesha nyota. Kisha hushuka ghafula mpaka chini kabisa, bondeni. Angalieni mpango huo: tumepewa kwanza muda wa kumpenda Mufasa. Kama angekufa katika dakika ya tano, tusingelia. Huzuni hupimwa kwa upendo uliotangulia.

Baada ya kilio huja kicheko. Timon na Pumbaa wanamfundisha kusema hakuna matata. Maneno hayo ni Kiswahili safi, ingawa kwetu twazoea kusema hakuna shida. Bendi ya Them Mushrooms ya Kenya iliyaeneza kwa wimbo wake wa mwaka 1982. Wengine hulaumu sehemu hii kuwa yafundisha uvivu. Mimi siwalaumu wale wawili. Walimkuta mtoto anakufa, wakampa maji, chakula na urafiki. Hata Eliya, alipokimbia na kutamani kufa, malaika hakumhubiria kwanza. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena. Lakini Eliya hakuachwa chini ya ule mti siku zote. Pumziko si nyumbani. Simba alicheka miaka mingi, na uongo ulikuwa bado ndani yake, haujaguswa.

4. Kilele ni kipi?

Watoto watajibu kwamba kilele ni vita na fisi. La. Vita ni vumbi tu. Kilele ni pale Scar anapomtaka Simba akiri mbele ya wote kwamba yeye ndiye aliyesababisha kifo cha baba yake, naye Simba anakiri. Mama yake, Sarabi, anamsihi aseme si kweli, lakini hawezi, kwa maana anaamini ni kweli. Alirudi nyumbani akiwa bado anajiona mwuaji. Huo ndio ujasiri wake mkubwa, si kucha zake. Ni baadaye tu, anaponing'inia gengeni, Scar akidhani amekwisha kushinda, ndipo anapomnong'oneza kwamba yeye ndiye aliyemwua Mufasa. Hapo mzigo wa miaka mingi unaanguka kwa dakika moja.

Mlinganisheni na mwana mpotevu. Yule naye alikwenda nchi ya mbali, akarudi na maneno ya kukiri. Lakini hatia yake ilikuwa ya kweli, hatia ya Simba ilikuwa ya uongo. Mioyoni mwao ziliuma sawasawa, na zote mbili ziliwaweka mbali na nyumbani. Tofauti ni dawa. Hatia ya kweli huponywa kwa toba na msamaha. Hatia ya uongo huponywa kwa kuambiwa kweli.

Bwana wetu alijua tofauti hiyo. Aliyepooza, aliyeteremshwa na rafiki zake kupitia darini, alimwambia kwanza kwamba dhambi zake zimesamehewa. Lakini kwa habari ya kipofu tangu kuzaliwa, wanafunzi walipouliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, Bwana alikataa yote mawili. Hakumpa msamaha wa kosa ambalo hakulitenda. Alimwondolea shutuma, ndipo akamfumbua macho.

5. Kosa langu mwenyewe

Nilipokuwa nafundisha katika shule moja ya mwambao, alikuwapo mvulana mmoja, hodari wa hesabu. Kazi yake usiku ilikuwa kukumba maji mtumbwini, baba yake akivua usipa kwa taa. Jioni moja aliomba abaki nyumbani, maana kesho yake kulikuwa na mtihani. Baba akakubali, akaenda peke yake. Usiku mwera ulivuma, na mtumbwi ukaonekana asubuhi umepinduka.

Sisi wa ziwani twaijua hali hiyo. Ziwa Nyasa halichagui. Mwaka 1895 lilimchukua hata Askofu Chauncy Maples. Lakini msibani jamaa mmoja mtu mzima alimwambia mtoto, mbele ya watu, kwamba kama angekwenda, baba yake angekuwa hai.

Mtoto aliporudi darasani alikuwa kimya. Nilimwita pembeni, nikamwekea mkono begani, nikamwambia, "Usihuzunike, mwanangu. Mungu amekwisha kukusamehe." Nilidhani nimesema neno jema. Akanitazama, akasema, "Kumbe hata wewe, Mwalimu, unajua kwamba ni mimi."

Sikupata jibu. Juma lile aliacha shule, akaondoka kijijini, wala sikumwona tena. Jamaa yule alitamka uongo kwa uchungu, nami nikautia muhuri kwa dini. Nilichopaswa kusema kilikuwa kifupi: "Si wewe. Ni upepo. Baba yako alikuruhusu kwa sababu alikupenda." Nilipoitazama filamu hii na wajukuu wangu, na yule mtoto wa simba akiinamisha kichwa mbele ya Scar, nilitoka nje nikasimama peke yangu.

6. Tufanye nini?

Wako wazazi waliouliza juu ya Mufasa kuonekana mawinguni. Waelezeni watoto kwamba hiyo ni njia ya msimulizi kuonyesha kumbukumbu. Sisi huwaweka marehemu wetu mikononi mwa Mungu, wala hatutafuti sauti zao. Lakini zingatieni alichofanya baba huyo: hakumwuliza mwanawe habari za kifo, alimkumbusha yeye ni nani. Baba wa mwana mpotevu naye hakumwacha amalize hotuba aliyoitunga njiani. Kabla mwana hajaomba kuwa mtumishi, vazi na pete vilikwisha kuitwa.

Basi, ndugu zangu, tuchunge ndimi zetu msibani. Watoto hukaa kwenye mkeka, wakisikia. Na kama yuko mtoto au mtu mzima aliyefiwa, akawa kimya kuliko inavyopasa, mwulizeni kwanza ameambiwa nini, ndipo mjue kama anahitaji msamaha au kweli.

Maswali ya kujadiliana nyumbani na katika vikundi

1. Ni tukio gani la mwanzo wa filamu lililokusaidia kuelewa mwisho wake?
2. Kwa nini Simba hakukubali kurudi mara moja Nala alipomwambia habari za njaa?
3. Taja maneno yasemwayo misibani kwetu ambayo yaweza kumtwika mtoto hatia isiyo yake.
4. Je, yuko mtu ambaye wewe wadaiwa kumwambia, "Si wewe"?

Tuombe

Ee Mungu Baba, wewe wajua kosa letu na wajua pia lisilo kosa letu. Utusamehe tuliyotenda, utufungue katika tuliyosingiziwa. Uwaangalie yatima wa milimani na wa ziwani, na kila aliyekimbia kwa neno la uongo umrudishe nyumbani. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.