Nywele za Mtoto na Chakula Chake

Wazazi wa Bombambili, na wa Songea yote, yafaa tutazame vichwa vya watoto wetu. Nywele za mtoto zikigeuka nyekundu, zikawa nyembamba na kung'oka upesi, wako wasemao kuwa amebemendwa. Sivyo. Mara nyingi hiyo ni dalili ya chakula kilichopungua.

Nywele hujengwa kwa protini, nayo hupatikana katika maharage, karanga, mayai, maziwa na dagaa wa Ziwa Nyasa. Ugali mtupu hushibisha tumbo, lakini hautoshi kujenga mwili. Ndiyo maana hata nyumba yenye ghala tele la mahindi yaweza kuwa na mtoto wa namna hii.

Tena, nywele hukua kama sentimeta 1 kwa mwezi. Mtoto aliyekosa chakula chema, kisha akakipata, huweza kuonekana na mstari mwekundu kati ya nywele nyeusi.

Mwaka 1933 Daktari Cicely Williams alieleza ugonjwa huu katika nchi iitwayo sasa Ghana. Ndio kwashiakoo, na kwa lugha ya Kiga maana yake ni maradhi ya mtoto aliyepata mdogo wake.

Basi mtoto aachishwapo ziwa, uji wake utiwe karanga zilizotwangwa, na mboga yake iwe maharage yaliyopondwa. Akivimba miguu, msingoje: apelekwe zahanati siku ile ile. Mafuta ya kichwani hung'arisha nywele, lakini hayazilishi.